Mafuta Yasiyo Mafuta: Historia Fupi ya Maneno ya Breki Katika Karakana za Machakos

Wanaoandika historia ya istilahi za Kiswahili huanza, karibu wote, mahali pamoja. Huanza na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, wakaendelea na kamusi za Frederick Johnson zilizotoka mwaka 1939, kisha wakafika kwenye Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967 na orodha zake za Tafsiri Sanifu. Njia hiyo ni halali, na kazi nyingi njema zimefanywa kwa kuifuata. Ila ina kasoro moja: humfanya msomaji aamini kwamba neno huzaliwa mezani, likapewa jina mbele ya katibu, ndipo likateremshwa kwa watu. Katika makala haya nakusudia kutazama kundi dogo la maneno ambayo hayakupita katika meza yoyote, yaani maneno ya breki za magari kama yasemwavyo na mafundi wa mji wa Machakos. Hasa nakusudia kulifuata neno moja, mafuta, ambalo lilipoingia katika breki lilikuwa sahihi kabisa, na ambalo leo, bila ya kubadilika hata herufi moja, limekuwa jina la uwongo lenye kuhatarisha maisha.

Machakos sikuuchagua ovyo. Mji huu uliopata jina lake kwa Masaku, mwaguzi wa Kikamba, ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijawa mji. John Ainsworth alifanya kazi hapa tangu mwaka 1892. Reli kutoka Mombasa iliupita kando, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka huo huo Ainsworth akahamisha makao yake kuifuata. Tangu hapo Machakos ukawa mji wa barabara, na mji wa barabara ni mji wa mafundi. Isitoshe, umezungukwa na vilima vya Iveti na Mua, kwa hiyo hapana gari liendalo mbali bila ya kupanda na kuteremka. Mgeni akifika hupelekwa Kyamwilu, nje kidogo ya mji, aone gari lililozimwa injini likipanda kilima lenyewe. Wanafizikia husema kwamba ni macho yanayodanganywa na umbo la ardhi. Fundi mmoja aliniambia kwamba hapo ndipo mahali pekee katika kaunti nzima ambapo mlima humfungia dereva breki bila malipo.

Watu wa sehemu hizi hawakuanza kushika chuma kwa sababu ya gari. Wakamba walijulikana zamani kwa wahunzi wao na mikufu myembamba waliyoifua, na kwa misafara ya biashara iliyofika pwani katika karne ya 19. Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, aliitembelea Ukambani mwaka 1849 na tena mwaka 1851, akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa zama hizo. Kwa hiyo Kiswahili cha safari na cha soko kilikuwa kimekwisha kuifikia nchi hii kabla ya gurudumu. Lakini Kiswahili cha karakana kilifika kwa njia mbili nyingine. Njia ya kwanza ni jeshi. Katika Vita Vikuu vya Pili Wakamba wengi waliingia katika King's African Rifles na katika vikosi vya uchukuzi na ufundi, na huko walifundishwa kuendesha na kutengeneza magari kwa Kiswahili cha amri, kile ambacho maofisa Waingereza walikiita Ki-KAR. Njia ya pili ni gereji za Wahindi, na hasa za Masingasinga, ambao tangu siku za ujenzi wa reli walikuwa mafundi mashuhuri wa chuma na mbao. Katika gereji hizo mwenye mali alisema Kipunjabi au Kigujarati, fundi alisema Kikamba, msaidizi yamkini alitoka Nyanza, na gari lilikuja na kitabu cha Kiingereza. Kazi ilifanywa kwa Kiswahili kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine ya kuifanyia.

Athari ya urithi huo husikika mpaka leo. Nimewahi kukaa kutwa nzima katika karakana ya jua kali ambamo fundi, msaidizi wake na mwenye gari walikuwa Wakamba watatu. Habari za mvua, za bei ya maembe na za misiba zilisemwa kwa Kikamba. Mara mkono uliposhika spana lugha ilibadilika: "Legeza hiyo. Shikilia. Kaza kidogo. Usikaze sana, utakata uzi." Hakuna aliyeamua kubadilisha, kazi yenyewe ndiyo iliyobadilisha.

Ukiyasikiliza maneno hayo kwa sikio la mwanaisimu, utaona jambo ambalo orodha za istilahi hazilionyeshi kwa sababu huandika nomino tupu. Nomino za karakana zimekopwa karibu zote. Vitenzi ni vyetu karibu vyote. Breki, silinda, pistoni, spana, nati, bolti na pampu zimetoka Kiingereza. Gari limetoka Bara Hindi. Parafujo limetoka Kireno. Lakini kulegeza, kukaza, kupachika, kuchomoa, kufunga, kufungua, kukanyaga na kuachia havikukopwa popote. Kitu ni kigeni, tendo ni la kwetu. Hata kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kutoa damu, ambacho wahandisi hukitumia kwa kazi ya kuondoa hewa katika mifereji ya breki, hakikuota mizizi katika vinywa vya mafundi wazee. Wao husema kutoa upepo. Vijana wengine husema kublidi, nami sioni walichokipata kwa kuiacha ile ya wazee wao.

Nomino zenyewe hazikukaa kimya baada ya kukopwa. Tutazame bomba. Wareno walituachia neno hilo kwa maana ya pampu, nalo likahama polepole mpaka likawa jina la mfereji ambao maji hupita ndani yake. Pengo lililoachwa likajazwa na pampu ya Waingereza. Hivyo kile kifaa ambacho kwa asili ya neno kingestahili kuitwa bomba la breki, kwa kuwa ni pampu kamili yenye pistoni na vali, kilipofika kilikuta jina lake limekwisha kuhamia kwingine. Kikaitwa masta. Kwa Kiingereza kifaa hiki huitwa silinda iliyo bwana, na ile ndogo inayokipokea kishindo chake, hasa katika klachi, huitwa mtumwa. Nilipokuwa masomoni Uingereza niliyasoma majina hayo katika kitabu cha matengenezo, na nilishangaa jinsi wenyeji wasivyoyasikia tena. Mafundi wetu waliichukua masta bila ya kumchukua bwana. Walimwacha mtumwa kabisa, wakasema masta ya juu na masta ya chini, yaani ile iliyo karibu na mguu wa dereva na ile iliyo chini kwenye giaboksi. Nayo wameiweka katika ngeli ya vitu: masta imevuja, masta zimeisha. Mtu akisema masta amevuja, karakana nzima itacheka. Kamati ya wataalamu ingalitupa nini? Vitabu vya hisabati huiita silinda mcheduara, neno lililoundwa kwa akili na lenye kueleweka darasani. Mcheduara mkuu wa breki! Sidhani kama pana mteja ambaye angekubali kulipa fedha kwa kitu hicho.

Sasa tuingie ndani ya masta yenyewe, maana bila ya kujua kazi yake hatutaelewa kosa la neno mafuta. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: ukikisukuma kitu cha majimaji kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo huenea kila upande kwa nguvu ile ile. Dereva anapokanyaga pedali, ufito husukuma pistoni ndogo ndani ya masta; pistoni husukuma majimaji; majimaji hupita katika mifereji myembamba mpaka kwenye magurudumu yote, na huko husukuma pistoni nyingine zinazobana breki. Kinachozuia majimaji yasirudi nyuma ya pistoni ni kipande cha raba chenye umbo la kikombe. Maisha ya abiria wote yanategemea ukingo wa kikombe hicho, ambao si mnene kuliko ukucha.

Breki za namna hii si za kale sana. Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye baadaye jina lake liliandikwa Lockheed, alipata hataza yake mwaka 1917. Gari la Duesenberg Model A la mwaka 1921 lilizitumia katika magurudumu manne, na Chrysler akazifikisha kwa watu wengi zaidi kuanzia mwaka 1924. Ford alikataa mpaka magari yake ya mwaka 1939, na Volkswagen ya bei nafuu iliendelea kufungwa kwa waya mpaka mwaka 1962. Kwa hiyo mafundi wa kizazi cha vita walizijua breki za aina mbili kwa wakati mmoja, nao wakazitofautisha kwa kitu kinachopeleka nguvu: breki za waya na breki za mafuta. Yalipokuja malori makubwa wakaongeza breki za upepo. Mgawanyo huo ni safi kuliko uliomo katika vitabu vingi, ingawa una kichekesho chake: upepo ule ule unaosifiwa katika lori ni adui mkubwa katika gari dogo, ambako breki zikiingia upepo pedali huzama kama mguu ndani ya matope.

Kwa nini waliziita breki za mafuta? Kwa sababu yalikuwa mafuta. Jambo hili limesahauliwa hata na walimu wa ufundi. Majimaji ya breki za mwanzo yalikuwa mchanganyiko wa mafuta ya mbarika na pombe kali. Mafuta ya mbarika hayakuidhuru raba ya asili, nayo yaliteleza vizuri. Pombe iliyapunguzia uzito. Watu wengi wa bara la Kenya waliyajua mafuta ya mbarika kabla ya kuona gari, maana waliyatumia kupaka mwili na kulainisha ngozi. Hata jina Castrol, lililoandikwa juu ya makopo yaliyomo katika kila karakana, lilitokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo hayo. Fundi wa siku hizo alipoliita lile jambo mafuta ya breki hakutafsiri wala hakubuni. Alisema alichokiona na kukinusa.

Neno lenyewe lilikuwa tayari kumpokea mgeni. Mafuta ni neno kongwe la Kibantu. Wakamba husema mauta, Wakikuyu maguta, Wazulu amafutha. Limo katika ngeli moja na maji, maziwa, mate na machozi, ngeli ya vitu visivyohesabika kwa vidole. Kwanza lilitaja shahamu ya mnyama na yale yaliyokamuliwa katika mbegu: ya ufuta, ya nazi, ya mbarika. Ilipokuja karosini kutoka ng'ambo ikaitwa mafuta ya taa, na petroli nayo ikaitwa mafuta tu, hata leo dereva husema gari limeishiwa na mafuta wala hapana anayedhani kwamba anataka kukaanga samaki. Mafuta ya injini, mafuta ya nywele, mafuta ya upako kanisani: jina moja linabeba yote, na kinachotofautisha ni kijalizo kinachofuata. Upana huo ni mali. Lakini upana wa namna hiyo hudai kwamba vilivyomo ndani viwe na undugu fulani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili watengenezaji waliyaacha mafuta ya mbarika, kwa kuwa yaliganda katika baridi kali na pombe iliyochanganywa nayo ilichemka upesi. Mahali pake wakaweka majimaji ya kemikali yaliyotokana na jamii ya glaikoli. Haya si mafuta. Huchanganyika na maji. Kwa hakika huyavuta maji kutoka hewani, ndiyo maana hubadilishwa baada ya muda. Yakiwa mapya ya daraja la 3 huchemka yapatapo joto la digrii 205 za Selsiasi au zaidi. Yakinyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye digrii 140, na dereva anayeteremka kilima kirefu akiwa amekanyaga breki bila ya kupumzika anaweza kuifikia hali hiyo. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubanwa, kwa hiyo pedali hukosa nguvu. Raba nazo zilibadilishwa ziafikiane na majimaji hayo. Kwa raba hizo mafuta halisi, yale ya injini au ya giaboksi, ni sumu: huzifanya zinywe na kuvimba.

Kitu kilibadilika, jina halikubadilika. Waingereza hawakuathirika sana, kwa kuwa wao husema majimaji ya breki na wana neno jingine kwa mafuta. Sisi tuliendelea kusema mafuta ya breki. Sasa mtu anayekijua Kiswahili vizuri, anayekitegemea Kiswahili kimwambie ukweli, akikuta kikopo cha breki kimepungua safarini, atafanya nini? Atatia mafuta. Lugha yake imemwambia kwamba ni mafuta.

Mfano nilioushuhudia ulikuwa wa Peugeot 404, mali ya mwalimu mstaafu. Gari la aina hiyo lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na kwetu halihitaji kutambulishwa. Lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, tena mwaka 1966, 1967 na 1968, na picha zake zikiwa na matope mpaka juu ya paa zilibandikwa katika maduka mengi. Watu waliliita Pijo, wakalitumia kwa harusi na kwa kuku, na lile lenye sanduku nyuma likawa matatu katika miaka ya 1970, hasa baada ya tangazo la Rais Kenyatta la mwaka 1973 lililoziruhusu matatu kubeba abiria bila ya leseni za uchukuzi. Machakos bado kuna wazee wanaozitunza. Mwalimu huyu alisema kwamba pedali ilikuwa inazama polepole, kwamba zulia lililo chini ya mguu lilikuwa limelowa, na kwamba siku chache kabla, akiteremka kutoka vilima vya Mua, ilimbidi asimamishe gari kwa gia na breki ya mkono.

Fundi hakufungua kitu. Aligusa unyevu ule chini ya pedali, akausugua baina ya vidole, akanusa. Kisha akachota kidogo katika kikopo cha breki, akamimina ndani ya chupa ya soda yenye maji, akaitikisa na kuiweka juu ya ukuta. Muda si muda tabaka la rangi ya asali lilielea juu. Majimaji ya breki yangepotelea ndani ya maji. "Mwalimu," akasema kwa upole, "ni nani alikuwekea oili humu?" Ikajulikana kwamba kijana mmoja, mahali fulani njiani, aliagizwa aongeze mafuta ya breki, naye akaongeza mafuta.

Kazi iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko bei ya masta. Masta ya zamani ilifunguliwa na vikombe vyake vya raba vikatoka vimevimba na kulegea kama uyoga wa jana. Kitundu kidogo kinachoyaruhusu majimaji kurudi kikoponi kilikuwa kimezibwa na ukingo uliovimba, ndiyo maana magurudumu mawili yalikuwa ya moto kwa kubana breki hata mguu ulipoachia. Ndani ya silinda kutu ilikuwa imechimba mashimo. Hapo zamani fundi angaliipeleka kwenye kerezo, chombo ambacho jina lake ni la zamani kuliko gari, maana waseremala wa pwani walikitumia kukereza miguu ya vitanda. Safari hii masta mpya ilitafutwa katika maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, na fundi alisisitiza kwamba kipenyo kilichopigwa chapa ubavuni kiwe sawasawa na cha ile ya kwanza, kwa kuwa masta mbili zinaweza kufanana kwa sura na kutofautiana kwa nguvu. Raba za magurudumu yote manne na mifereji laini ya raba vilibadilishwa pia. Mifereji ya chuma ilioshwa kwa spiriti mpaka iliyotoka ikawa safi. Kuacha raba moja iliyokwisha kuonja oili, alisema, ni kama kuacha mchwa mmoja.

Vifaa vya raba huuzwa pamoja katika kisanduku ambacho mafundi hukiita kiti. Nililisikia likisemwa kiti ya masta, wala si kiti cha masta, na hapo hapo kilichokaliwa na mwalimu kilikuwa kiti cha mbao. Ngeli peke yake ndiyo iliyotenganisha maneno mawili yanayolingana kila sauti. Wale wanaolaumu Kiswahili cha bara kwa kuchanganya ngeli wangefanya vyema kukaa nusu saa mahali kama hapo.

Masta mpya ilibanwa kwanza kwenye jiriwa, ikajazwa, na pistoni ikasukumwa polepole mpaka mapovu yakaisha. Ndipo ikafungwa mahali pake. Baina ya ufito wa pedali na pistoni fundi aliacha nafasi ndogo sana, akaiita plei, nilipomuuliza plei ni nini alisema, "Ni pumzi. Pistoni lazima ipumue, isipopumua itabana breki mpaka ziungue." Kisha wakatoa upepo, wakianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Msaidizi aliketi ndani ya gari, fundi akalala chini na spana na mpira mwembamba uliotumbukizwa ndani ya chupa: kanyaga, kanyaga, kanyaga, shikilia, akafungua, mapovu yakatoka, akafunga, achia. Amri ile ya shikilia hairuhusu mzaha. Msaidizi akiachia kabla kitundu hakijafungwa, upepo hunyonywa upya na kazi yote huanza tena. Sikuacha kuwaza juu ya Ki-KAR, ambacho wanaisimu wengi wamekidharau kama Kiswahili kilichokatwa miguu. Katika kazi hii ukato huo wa maneno ndio uzuri wake.

Kilichonivutia zaidi ni neno ambalo fundi alilitumia kwa yale majimaji mapya. Hakusema mafuta hata mara moja. Alipomtuma kijana dukani alisema, "Lete doti tatu, kopo moja." Mtu wa Mombasa angedhani kwamba anaagiza khanga. Doti hii imetokana na herufi tatu zilizoandikwa juu ya kopo, DOT, ambazo ni herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, iliyoweka viwango vya majimaji haya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Tarakimu inayofuata huonyesha daraja. Hivyo jina la ofisi moja ya Washington limekuwa nomino ya Kiswahili katika mji wa Masaku, lina ngeli yake, na hata lina vivumishi: doti chafu, doti mpya, doti imeisha.

Tulinganishe sasa majina yaliyopo. Mafuta ya breki ndilo linalojulikana na wengi, lakini hudanganya. Kiowevu cha breki, ambalo wenzetu wa istilahi za sayansi wangelipendekeza, halidanganyi. Kiowevu ni kitu chochote cha majimaji. Lakini kwa sababu hiyo hiyo halimwambii mtu chochote. Aliyeambiwa atie kiowevu anaweza kutia maji ya mto na asiwe amekiuka sarufi. Maji ya breki, kwa mfano wa maji ya betri, lingekuwa baya kuliko yote. Doti halina maana yoyote kwa asiyelijua, na hiyo ndiyo nguvu yake. Hapana doti jikoni, wala katika taa, wala katika injini. Asiyeijua atauliza. Aijuaye ataisoma juu ya kopo, tarakimu pamoja. Najua kwamba wengi watalipinga kwa kuwa ni geni na kwa kuwa lina pacha katika kabati la khanga. Jibu langu ni kwamba parafujo lilikuwa geni pia, na kwamba khanga na breki hazijapata kuchanganywa na mtu yeyote.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yaliyoifuata, pamoja na kamusi zilizotungwa Kenya baada ya Kiswahili kuwa somo la lazima mwaka 1985, zimefanya kazi ambayo karakana haiwezi kuifanya. Naomba zifanye moja zaidi: mahali palipo na doti ya khanga pawekwe doti ya pili, na mahali palipo na mafuta paongezwe maelezo mafupi kwamba yale yaitwayo ya breki si mafuta. Maelezo ya namna hiyo hayapatikani kwa kukaa na orodha ya Kiingereza na kutafuta visawe. Hupatikana kwa kwenda pale ambapo kitu kinashikwa.

Kazi haitaisha hapo. Magari ya Japani yaliyojaa barabarani sasa yana usukani unaosaidiwa na majimaji mengine, na giaboksi zinazojibadilisha zenyewe zina ya kwao, mengi yakiwa ya rangi nyekundu. Hayo ni mafuta kweli, na yakiingia katika breki huleta madhara yale yale yaliyompata mwalimu. Mteja huyaita yote oili. Nilipokuwa naondoka, msaidizi wa fundi alikuwa anaandika kwa rangi juu ya chupa mbili zilizosimama rafuni. Ya kwanza aliiandika DOTI. Ya pili, yenye majimaji mekundu, aliiandika ETIEFU.